Alama pungufu si aibu, kipimo cha uongo ndicho aibu

 

Ndugu msomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo lililotufikia nyumbani, nasi tukaona si la nyumba moja. Tunaliandika kwa idhini ya wenyewe, bila ya kutaja majina.

Usiku mmoja, baada ya Sala ya Isha, alitujia jirani yetu hapa Dar es Salaam akiwa na mwanawe. Kijana huyo anasoma katika shule inayofuata mitihani ya A Level ya Cambridge, na masomo yake ni Hisabati, Fizikia na Kemia. Moyo wake umetua kwenye Fizikia, naye anataka kwenda kuisoma Oxford, Uingereza. Mitihani ya mwaka wa kwanza ilimpa A ya Hisabati, B ya Fizikia na C ya Kemia. Kwa kuzingatia hayo na juhudi alizoziona darasani, mwalimu anayesimamia maombi amekadiria kuwa mwishoni kijana atapata A ya nyota katika Hisabati, A katika Fizikia na B katika Kemia. Ama Oxford, kiwango chake cha kawaida kwa Fizikia ni A moja ya nyota na A mbili. Hivyo basi, kijana amepungukiwa daraja moja.

"Sheikh wetu," alisema baba, "mwalimu yule amesoma chuoni kwako. Ukimwambia ile B aifanye A, hawezi kukukatalia. Ni herufi moja tu, Sheikh. Nami kiwanja nimeshauza."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Nasi tulinyamaza kwa muda, si kwa sababu jawabu lilikuwa gumu, bali kwa sababu tulimwonea huruma mzazi aliyeuza alichonacho ili mwanawe apate elimu.

Makadirio ni ushahidi

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Maombi ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Uingereza hupitia chombo kimoja kiitwacho UCAS. Kwa kuwa maombi hupelekwa kabla ya matokeo ya mwisho kutoka, shule huandika alama inazotarajia mwanafunzi atazipata, pamoja na barua ya kumweleza. Chuo hakimjui mtoto huyo wala hakijawahi kumwona, kwa hiyo hutegemea kauli ya mwalimu. Huo ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Haupungui uzito kwa kuwa umeandikwa kwa kompyuta, wala kwa kuwa shahidi alifundishwa Kurani na anayemwomba aupotoshe.

Tena hebu tutazame hata faida ya kidunia ambayo baba huyu aliitafuta. Nafasi ambayo vyuo hivyo humpa mwanafunzi asiyemaliza mitihani huwa na sharti: uje na matokeo halisi ya kiwango fulani. Matokeo hayo hutoka Agosti. Mwalimu akiandika A, na mtoto akapata B, sharti halikutimia. Uongo ule ungemnunulia miezi kadhaa ya matumaini, kisha ungemwacha mlangoni. Na wanafunzi wa shule hiyo watakaoomba miaka ijayo wangeikuta kauli ya mwalimu wao imeshapungua thamani.

Kuna na jambo la tatu, nalo tulimwelekezea kijana mwenyewe. Fizikia ni elimu ya vipimo. Mwanazuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuandika Kitab al-Manazir kuhusu nuru na uoni, alipata heshima yake kwa kutokubali kauli ya mkubwa yeyote mpaka aipime. Sasa mtu anayetaka kuingia katika elimu ya namna hiyo, ataanzaje safari yake kwa kuharibu kipimo cha kwanza, ambacho ni kipimo cha nafsi yake?

Hapo kijana aliinua kichwa akasema: "Sheikh, ile C ni yangu. Lakini Kemia tulikaa muhula mzima bila mwalimu."

Baba yake akamtazama. Habari hiyo hakuwa nayo.

Ukweli nao una nguvu

Ndugu msomaji, tazama jinsi uongo unavyomficha mtu msaada wake. Barua ya mwalimu ndiyo mahali panapostahiki kuelezwa mambo kama hayo: muhula bila mwalimu, maradhi ya mwanafunzi, msiba wa nyumbani. Mwalimu huyo angeweza kuandika kuwa darasa lilikosa mwalimu kwa muda kadha, na kwamba mwanafunzi huyu tangu hapo amepanda. Maelezo hayo hayageuzi C kuwa A, lakini humwezesha msomaji wa fomu kuielewa hiyo C. Mwombeeni mtoto aandikiwe haki yake, wala msimwombee aandikiwe isiyo yake.

Aidha, katika vyuo vyenye ushindani mkubwa, alama za shule si mlango pekee. Cambridge, ambako Fizikia husomwa ndani ya kozi ya Sayansi ya Asili, pamoja na Imperial College ya London, hutumia mtihani wa udahili uitwao ESAT, ulioanza mwaka 2024. Kila sehemu yake ina maswali 27 ya kujibiwa kwa dakika 40, bila kikokotoo. Oxford nayo huwapima kwa mtihani waombaji wa Fizikia kabla ya kuwaita kwenye mahojiano. Katika mahojiano hayo, mwombaji hupewa tatizo asilowahi kuliona, pengine grafu ya kuchora au kiasi cha kukadiria, na hutakiwa afikiri kwa sauti. Anayekosea, akaliona kosa lake na kulirekebisha, huwa ameonyesha jambo ambalo herufi haziwezi kulionyesha.

Basi mwenye alama pungufu na ajiandae hapo. Ajizoeze mahesabu bila kikokotoo kila siku, na ajisajili mapema, kwani mtihani wa ESAT una usajili wake, nao hufungwa kabla ya fomu. Fomu yenyewe, kwa Oxford na Cambridge, hufungwa Oktoba 15. Maelezo binafsi, ambayo kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea hujibu maswali matatu na hayazidi herufi 4,000, na ayaandike mwenyewe. UCAS huyalinganisha maelezo ya waombaji, na yaliyonakiliwa hugundulika.

Kuchagua kwa busara

Fomu ya UCAS ina machaguo matano, na mtu haombi Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja. Tulimshauri kijana atumie chaguo moja kwa Oxford kama moyo wake unataka, akijua wazi kuwa makadirio yake yako chini ya kiwango na kwamba huenda asiitwe. Mawili ayaweke kwenye vyuo ambavyo alama zake zinalingana navyo, na mawili kwenye vyuo vinavyotaka chini ya hapo. Vipo vyuo vizuri vinavyochukua wanafunzi wa Fizikia kwa A moja na B mbili. Taasisi ya Fizikia ya huko huzikagua shahada na kuzipa ithibati, na shahada yenye ithibati si ya kudharauliwa kwa kuwa mlango wake ulikuwa mpana zaidi.

Ama kuhusu fedha, tulimwomba baba azuie zile za kiwanja kwanza. Ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa masomo ya sayansi katika vyuo hivyo hufikia makumi ya maelfu ya pauni kwa mwaka, na kiwanja kimoja hakimalizi miaka mitatu. Asome masharti ya ufadhili wa kila chuo kabla ya kulipa chochote.

Mwaka mmoja wa kungoja

Wapo wanaodhani kuwa mlango ukifungwa mara moja umefungwa milele. Mwaka 1895 kijana wa miaka 16 aitwaye Albert Einstein alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi. Hisabati na Fizikia alifanya vizuri sana, lakini masomo mengine yalimwangusha, akakosa nafasi. Hakutafuta wa kumbadilishia alama. Alikwenda katika mji wa Aarau, akasoma mwaka mmoja zaidi, na mwaka 1896 akaingia chuo kile kile. Mwaka huo haukumpunguzia kitu katika yale aliyoyafikia baadaye.

Na asiyepata Uingereza leo hajakosa Fizikia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha. Baada ya shahada ya kwanza, iko taasisi ya AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003, inayowafadhili vijana wa Afrika katika sayansi za hisabati. Kiko pia kituo cha kimataifa cha Fizikia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964, chenye mafunzo ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea.

Kwa hakika, mwalimu yule tulimwendea, lakini si kwa lile tuliloombwa. Tulimweleza habari ya muhula uliokosa mwalimu, ambayo naye, akiwa mgeni shuleni hapo, hakuwa ameizingatia. Aliiandika katika barua yake. B ya Kemia aliiacha B. Kisha akatuambia kwamba tangu atuone tukiingia alikuwa na hofu, kwani wazazi wawili walikuwa wameshamjia kwa jambo lile lingine.

Fomu imekwenda na majibu hayajarudi. Baba alipotusimamisha msikitini alituuliza: "Na wakimkataa, Sheikh?" Tukamwambia: watakuwa wamemkataa yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe anaweza kurudi tena mwakani. Yule wa kwenye karatasi ya uongo hata angekubaliwa, asingekuwa mwanao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, na awape wazazi subira ya kungoja. Wabillahi tawfiq.