Je, Wajua? Mawimbi Yanayotibu Kisigino, Bega na Kiwiko

Maumivu yanayodumu miezi mingi huchosha mwili na kukatisha tamaa. Tiba ya mawimbi ya mshtuko imewasaidia wengi. Yafahamu haya kabla hujalala kitandani kwa mtaalamu.

Je, wajua kuwa tiba hii ina asili yake kwenye ndege? Wahandisi wa kampuni ya Dornier nchini Ujerumani walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege zinazopita kasi ya sauti. Waliona kuwa tone likigonga chuma huzaa wimbi linalopenya ndani na kuleta madhara mbali na lilipogonga.

Je, wajua kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvunja mawe ya figo? Februari 1980, mjini Munich, daktari Christian Chaussy na wenzake walisagasaga jiwe la figo la mgonjwa bila kumpasua.

Je, wajua kuwa baadaye mawimbi hayo yalionekana kuchochea mfupa kukua? Mwaka 1991, madaktari wa Bulgaria, Valchanou na Michailov, walichapisha matokeo ya kuyatumia kwa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga.

Je, wajua kuwa Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya kutibu maumivu sugu ya kisigino mwaka 2000?

Je, wajua kuwa mgonjwa hapigwi shoti ya umeme? Kinachoingia mwilini ni wimbi la shinikizo, jamaa ya sauti, ambalo hupanda hadi kilele chake ghafla mno.

Je, wajua kuwa mashine ziko za aina mbili? Moja hukusanya mawimbi yake kwenye nukta moja ndani ya mwili. Nyingine husukuma kipande kidogo cha chuma kwa hewa iliyoshindiliwa, kikagonga kichwa cha kifaa kinachogusa ngozi. Nguvu yake husambaa na kupungua kadiri inavyoingia ndani. Muulize mtaalamu anatumia ipi, na kwa nini.

Je, wajua kwa nini ngozi hupakwa jeli? Wimbi likikutana na hewa hurudi nyuma au huachia nguvu yake papo hapo. Jeli huondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Kwa sababu hiyohiyo, mawimbi yenye nguvu hayaelekezwi kwenye mapafu.

Je, wajua yanavyotibu? Inaaminika kuwa kishindo cha wimbi huziamsha chembe hai za kano iliyochoka. Chembe hizo hutoa kemikali za kuponya, na mishipa midogo ya damu huota upya. Neva zinazopeleka maumivu nazo hutulia.

Je, wajua kuwa kano za bega huweza kujaa chokaa? Mawimbi huweza kusaidia kuilegeza, kisha mwili wenyewe ukainyonya.

Je, wajua kuwa mara nyingi hutolewa vipindi 3 hadi 5, kimoja kwa wiki, kila kimoja kikiwa na mapigo kama 2,000? Kipindi huchukua dakika chache tu, lakini nafuu kamili huweza kuchukua wiki 12. Usikate tamaa ukiona wiki ya pili kimya.

Je, wajua kuwa sindano ya ganzi huweza kupunguza faida ya tiba hii kwa kisigino? Mgonjwa akiwa na hisia zake humwelekeza mtaalamu mahali penyewe panapouma.

Je, wajua kuwa farasi wa mashindano nao hutibiwa hivi? Baada ya tiba huzuiwa kushindana kwa siku kadhaa, kwa kuwa maumivu yaliyotulizwa huweza kumfanya mnyama akimbie kwa mguu ambao haujapona.

Je, wajua nani asiitumie bila ruhusa ya daktari? Mjamzito, mwenye tatizo la damu kuganda au anayetumia dawa za kuizuia isigande, na mwenye uvimbe wa saratani au maambukizi mahali panapotibiwa. Kwa watoto, ncha za mifupa inayokua huepukwa.

Je, wajua kuwa si kila maumivu hutii? Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, wa mwaka 2005 kuhusu kiwiko na wa 2020 kuhusu kano za bega, ulikuta faida ndogo mno. Anayekuahidi kukuponya kila kitu kwa mashine moja, mkimbie.

Je, wajua kuwa wagonjwa wengi wa kisigino hupona ndani ya mwaka kwa kunyoosha unyayo na mashavu ya miguu, kuvaa viatu vinavyofaa na kupunguza mzigo? Anza na hayo. Yakishindikana, fanyiwa uchunguzi, ujue ugonjwa wako kwa jina, ndipo uulizie mawimbi. Na ukiyapata, usiache mazoezi: wimbi huamsha uponyaji, lakini kano hupata nguvu kwa kufanyishwa kazi taratibu, siku baada ya siku.