Waisaka maada ya giza chini ya mlima

Ukisafiri kwa gari nchini Italia kutoka Roma kuelekea Teramo, utapita ndani ya shimo la kilomita 10 lililotobolewa katika mlima wa Gran Sasso. Kando ya barabara hiyo, chini ya mita 1,400 za mwamba, mna kumbi kubwa ambamo wanasayansi huwinda kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Kitu hicho huitwa maada ya giza. Fritz Zwicky alikishuku mwaka wa 1933, alipoona kwamba kundi moja la galaksi lingetawanyika kama si uzito mwingine uliofichika. Leo hukadiriwa kuwa maada hiyo ni mara tano ya vitu vyote tuvijuavyo, nyota zikiwemo.

Mbona basi waitafute chini ya ardhi? Miale ya angani hutunyeshea usiku na mchana, nayo ingeufunika mlio hafifu wanaoutegea sikio. Mwamba huizuia karibu yote.

Kikundi cha DAMA, chini ya Bi Rita Bernabei, kilitumia fuwele za sodiamu na aidini, jamaa wa chumvi ya jikoni. Chembe ikigonga fuwele, hutoa cheche ndogo ya mwanga. Mwishoni mwa miaka ya tisini walitangaza kwamba cheche huongezeka kila Juni na kupungua Desemba. Na ndivyo ilivyotarajiwa! Jua hukimbia katika galaksi, na mwezi Juni Dunia huelekea upande huo huo, ikagongana na chembe nyingi zaidi, mithili ya mwendesha baiskeli anayekimbilia mvua.

Wenzao walikataa. Huenda ni joto la kiangazi tu, walisema, ama kasoro ya mitambo. DAMA wakashikilia msimamo wao kwa zaidi ya miaka 20. Fuwele kama zao zikawekwa Hispania na Korea Kusini, na kufikia 2025 vikundi vyote viwili, ANAIS na COSINE-100, havikuwa vimeona badiliko hilo. Kwa maoni yangu, hilo ni pigo kubwa.

Sasa kuna Australia, ambako maabara imechimbwa kilomita moja chini, katika mgodi wa dhahabu wa Stawell. Huko Juni ni miezi ya sweta, kama hapa Nairobi. Ikiwa ni majira tu yanayowadanganya, cheche zitazidi Desemba. Zikizidi Juni, Bi Bernabei atakuwa na la kuwaambia wenzake.