Barua pepe zikikwama kwenye foleni, mzigo huoza

KWA mkulima wa maharage machanga wa Arusha anayeuza Ulaya, siku tano ni nyingi mno. Mzigo ukishavunwa lazima upozwe na uwahi ndege. Lakini siku tano ndizo seva nyingi za barua pepe hukaa na barua iliyoshindwa kufika, kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mwenyewe.

Hivyo ndivyo programu za Postfix na Sendmail zinavyokuja kabla fundi hajabadilisha chochote. Seva ya mnunuzi isipopokea, barua hupangwa kwenye foleni na kujaribiwa tena na tena. Sendmail walau humwarifu mtumaji baada ya saa nne. Postfix hukaa kimya mpaka ielekezwe kutoa onyo. Karani wa mauzo anaona barua imeondoka, anaendelea na kazi nyingine, kumbe ankara na orodha ya uzito vimelala ndani ya mashine.

Hali huwa mbaya zaidi kampuni inapokuwa na mashine kadhaa, tuseme moja shambani, moja ofisi ya mjini na ya tatu ya akiba. Kila moja ina foleni yake. Fundi huandika amri ya mailq kwenye mashine ya kwanza, akikuta tupu anawaambia wakubwa mambo ni shwari. Ya akiba hakuna anayeikumbuka.

Dawa yake si ghali. Nagios na Munin, programu zisizolipiwa leseni, zinaweza kuzihoji mashine zote kila baada ya dakika tano na kuonyesha majibu mahali pamoja.

Hata hivyo, idadi peke yake hudanganya. Ukituma orodha ya bei kwa wateja 2,000, foleni itavimba asubuhi na kuisha kabla ya chai. Barua kumi zilizokaa saa sita ndizo za kutisha. Amri ya qshape, inayokuja na Postfix, huzipanga barua kwa umri na kwa kule ziendako. Zikikwama za mnunuzi mmoja wa Uholanzi tu, huenda kasoro iko kwake. Zikikwama za wote, anza kujikagua mwenyewe: pengine nywila ya mfanyakazi imeibwa na matapeli wanatumia mashine yako kutuma matangazo usiku kucha. Hapo seva yako huingizwa kwenye orodha ya wasioaminika, na kutoka humo kunaweza kuchukua siku kadhaa.

Aidha, mashine isiyojibu isihesabiwe kuwa ina sifuri. Na onyo lisipitie barua pepe hiyo hiyo iliyokwama (jambo hili husahaulika mno). Litumwe kwa SMS.

Kwa maoni yangu gharama hii ni ya kuuza mazao, sawa na umeme wa chumba cha baridi, wala isiachwe kwenye fungu la kompyuta ambalo hukatwa kwanza. SMS hiyo imfikie pia meneja mauzo. Fundi ataifungua foleni, lakini meneja ndiye mwenye namba ya simu ya mnunuzi, na ndege haisubiri.