Bwawa la shule ni baridi? Fahamu kidhibiti kinavyolipasha moto kwa jua

IFIKAPO Julai, mwezi wa baridi jijini Nairobi na Arusha, mzazi hujikuta njia panda: amwache mtoto aingie bwawani au amwombee ruhusa akose kipindi? Wasiwasi huo una msingi. Maji ya bwawa lililo wazi hupoa usiku kucha, na mwili wa mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mtoto anayetetemeka hushika ukingo tu, na somo ambalo siku moja lingeweza kuokoa maisha yake linampita.

Mabwawa ya mashindano huwa na maji ya nyuzi joto 25 hadi 28. Mtoto anayejifunza huhitaji zaidi kidogo, karibu nyuzi 30. Njia mojawapo ya kufika huko bila bili kubwa ya umeme ni kutumia jua.

Mfumo wenyewe si mgumu. Pampu ileile inayosukuma maji kwenye kichujio huyapandisha hadi kwenye paneli nyeusi za plastiki juu ya paa, yanapita kwenye mirija myembamba, kisha yanarudi bwawani. Kazi ngumu ni kujua saa ya kuyapandisha. Hapo ndipo kidhibiti kinapoingia.

Kidhibiti ni kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na pampu. Kina vihisi viwili vya joto. Kimoja hukaa kwenye bomba na kupima maji yanayotoka bwawani kabla hayajapanda juu, na kingine hukaa kando ya paneli, kwenye jua lilelile. Paa likiwa na joto kuliko maji kwa kiasi kilichowekwa, tuseme nyuzi 4, kidhibiti huzungusha vali na maji yanapanda. Wingu likifunika au jua likielekea kutua, tofauti hupungua na vali hurudi. Maji yakifikia joto lililochaguliwa, mfumo husimama wenyewe.

Bila ulinzi huo, maji yanayopitishwa juu usiku yangepoteza joto lililokusanywa mchana. Sehemu za joto kama pwani, baadhi ya vidhibiti huwekwa vifanye hivyo makusudi ili kulipoza bwawa lililozidi joto.

Usikate tamaa mapema

Ukigusa maji yanayorudi kutoka juu, huenda ukaona hayana tofauti kubwa. Hiyo si dalili ya ubovu. Mfumo huu hupitisha maji mengi, kila mara yakiongezewa joto kidogo. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1.2 lina lita 60,000. Kuliongezea nyuzi moja tu huhitaji nishati ya takriban uniti 70 za umeme. Ndiyo maana paneli huhitaji eneo kubwa, kwa kawaida kati ya nusu ya eneo la bwawa na eneo lake zima. Kwa bwawa hili ni mita 25 hadi 50 za mraba. Kwa kuwa Julai jua letu huwa upande wa kaskazini, paa linaloelekea huko hufaa zaidi miezi hiyo.

Siku ya mawingu mazito kidhibiti kinaweza kisiwashe kabisa. Joto la jana hulindwa na turubai la bwawa, kwani sehemu kubwa ya joto hupotea maji yanapogeuka mvuke.

Mambo ya kuuliza shuleni au kwa msimamizi wa nyumba

Maji yana nyuzi ngapi leo? Kidhibiti huonyesha, lakini kipimajoto cha kawaida majini ni ushahidi mzuri zaidi.

Kihisi cha paa kimefungwa wapi? Kikiwa kivulini, mfumo utachelewa kuwaka hata jua likiwa kali.

Klorini hupimwa mara ngapi? Maji ya joto huimaliza haraka, na vijidudu hustawi.

Vifuniko vya matundu ya kunyonya maji ni vizima? Pampu inayojiendesha inaweza kuwaka bila mtu kugusa swichi, na nywele au mkono wa mtoto unaweza kunaswa. Kifuniko kikiwa kimevunjika au hakipo, mtoto asiingie majini hadi kirekebishwe.

Turubai huondolewa lote kabla ya watoto kuingia? Mtoto akiteleza chini yake ni vigumu kumwona.

La mwisho ni la mzazi mwenyewe. Maji yakiwa matamu, watoto hukaa muda mrefu na huyarudia hata mkubwa asipokuwepo. Kidhibiti huangalia joto la maji tu. Geti la bwawa lifungwe, na mtu mzima anayejua kuogelea awe karibu muda wote.