Kujenga Injini ya Turbo (3): Joto, Pistoni na Mwanya wa Ringi

Juma lililopita tuliishia pale turbo inapoisukuma hewa kuelekea kwenye silinda. Leo tuitazame hewa hiyo inafika ikiwa na hali gani, maana hapo ndipo Subaru Impreza nyingi zilizoongezwa nguvu zinapofia.

Hewa ikibanwa hupata moto. Mombasa, hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa kwa bar 1 hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi kama 125. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama bar 0.82 tu. Turbo ya huko, ili iijaze silinda kama ile ya pwani, lazima ifike bar 1.2 kwenye geji. Itazunguka kwa kasi zaidi na hewa yake itakaribia nyuzi 150. Kwa hiyo kuulizana "unasukuma bar ngapi?" hakutoshi, kama hamjaulizana pia mko wapi na intakula inayoipoza hewa hiyo ni ya ukubwa gani.

Joto hilo ndilo linaloleta kugonga. Plagi ikishawasha, moto husambaa ndani ya silinda. Mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao tayari umebanwa na kupashwa, hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Kipigo chake huishukia pistoni. Kwenye injini ya Subaru ya EJ25 ya turbo, yenye silinda za milimita 99.5, mara nyingi kinachovunjika kwanza ni ukingo mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi na ringi. Dereva huona moshi wa bluu, na fundi akipima hukuta silinda moja haina kompresheni.

Ndiyo maana watu hununua pistoni za kufuliwa, badala ya zile za kumiminwa kwenye kalibu. Ziko za aina mbili. Aloi ya 2618 karibu haina silikoni: inastahimili kipigo, lakini hutanuka sana, hivyo huachiwa nafasi kubwa na hupiga kelele mpaka injini ipate moto. Ya 4032 ina silikoni kama asilimia 12 na hutanuka kidogo. Gari la kwenda kazini Jumatatu na uwanja wa mbio Jumamosi mimi ningelipa 4032, mradi kompyuta yake imepangwa kwa petroli inayopatikana kwetu, si ile ya oktani 100 ya Japani.

Lakini pistoni nzuri huharibiwa na ringi iliyofungwa kwa haraka. Fundi makini huiingiza ringi kwenye silinda yenyewe, huisukuma kwa kichwa cha pistoni mpaka ilale sawa, kisha hupima mwanya wa ncha zake kwa fila. EJ20 ya turbo, silinda ya milimita 92, ringi ya juu huhitaji karibu nusu milimita. Ukipungua, huitoa, huipiga tupa kidogo, hupima tena; na kila silinda huandikiwa kipimo chake. Kazi hii huchosha, na wengi huiruka. Ringi ikipata moto hurefuka. Ncha zikigusana, huukwaruza ukuta wa silinda na kuing'oa pistoni kingo, kisha lawama hupewa turbo.

Juma lijalo: oili, na jinsi kona ndefu za uwanjani zinavyoinyima pampu.