Fahamu: Nywele zioshwe mara ngapi?

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri watu weusi waoshe nywele mara moja kwa wiki, au mara moja kila wiki mbili.

Kwa nini si kila siku?

Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake. Kwenye nywele zilizonyooka huteleza hadi ncha; kwenye kipilipili hukwama karibu na shina. Shampuu ikizidi, huondoa hata hayo machache, nywele zikakauka na kukatika.

Vumbi la Mpanda

Kiangazi mjini Mpanda, mkoani Katavi, kuanzia Mei hadi Oktoba, barabara za udongo hutimua vumbi. Bodaboda au mchimbaji dhahabu mwenye nywele fupi anaweza kuosha mara nyingi zaidi, hata kwa maji matupu.

Aliyesuka je?

Hapa ndipo wengi hukosea: kusuka hakuondoi haja ya kuosha. Changanya shampuu na maji, mimina kwenye mistari, sugua ngozi taratibu kwa ncha za vidole, suuza hadi povu liishe. Nywele zikauke kabisa kabla ya kufunga kilemba. Msuko unaouma ufumuliwe mapema. Mvuto wa mara kwa mara hunyonyoa nywele za pembeni, na nyingine hazioti tena.

Mba na mapunye

Mwenye mba aoshe kwa shampuu yenye dawa. Mapunye ni fangasi wanaoambukiza, wala si ushahidi kwamba mama hamtunzi mwanawe. Mtoto apelekwe kituo cha afya; kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza.