Mwalimu Akichoka, Nani Anaonekana Mvivu?



Likizo ya Desemba tulikuwa mafrateri wawili tukifundisha watoto wa Kipaimara katika kigango kimoja upande wa Tura, mkoani Tabora. Siku ya tatu tulifika tumechelewa, pikipiki imetuangusha kwenye tope, na tumboni hamna kitu. Tulipouliza swali la kwanza darasa lilinyamaza. Wawili wa nyuma walikuwa wanasinzia. Binti mmoja tuliyemtaja aliinamisha macho asijibu. Tulimaliza kipindi haraka, na njiani tukakubaliana kwamba watoto hawa ni wavivu, hawana moyo wa dini.

Jioni tulimweleza katekista. Mzee alitusikiliza, kisha akasema: “Mafrateri, hao tangu alfajiri walikuwa shambani wakipandikiza tumbaku na wazazi wao. Na huyo binti hawezi kumkazia macho mkubwa. Juzi si mlimsifu kwa adabu yake?”

Ilikuwa kweli. Juzi yake tulikuwa tumelala vizuri na tumekula. Ukimya uleule tuliuita heshima. Siku tuliyochoka tuliuita uvivu.

Katika falsafa tunajifunza kwa Mt. Thoma wa Akwino kwamba kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayekipokea, kama maji yanavyofuata umbo la chombo. Mara nyingi tunalitumia wazo hili kwa wanafunzi: kila mmoja hupokea somo kwa kadiri yake. Tunasahau kwamba mwalimu naye anapokea. Anapokea ukimya, miayo, mwandiko mbaya, mtoto anayechelewa. Alama hizi peke yake hazisemi mengi. Mwalimu ndiye anayezipa maana, na maana hiyo huitoa moyoni mwake. Akiwa na hasira, anaona dharau. Akiwa na hofu ya kushindwa, anaona uasi. Akiwa ametulia, huenda akaona njaa.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Hali ya moyo hupita: leo umechoka, kesho umepona. Mtazamo hukaa. Hatari ni pale hukumu ya siku moja ya uchovu inaporudiwa mpaka ikawa mtazamo, na mtoto akapewa jina: “mzito”, “mkorofi”. Tangu hapo kila afanyalo linathibitisha jina lake. Akikosea, tulijua. Akipata, amenakili.

Mtoto naye huanza kulifuata jina hilo. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa kitabu juu ya jaribio walilofanya katika shule ya msingi huko California, Marekani. Walimu waliambiwa kwamba wanafunzi fulani wangepiga hatua kubwa mwaka huo. Kumbe majina yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa ya chini, watoto hao walionekana kupanda zaidi ya wenzao. Wataalamu wamebishana sana kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, lakini swali limebaki kwa kila anayeshika chaki: namtazama nani kama asiyeweza?

Kanisa lilikuwa na mazungumzo haya zamani sana. Kama mwaka 400 hivi, Deogratias, shemasi wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, alimlalamikia Mt. Augustino kwamba akiwafundisha wanaoanza imani anajiona anachosha. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Alikiri kwamba hata yeye karibu kila mara haridhiki na maneno yake mwenyewe, lakini hamu ya wasikilizaji humwonyesha kwamba somo halikuwa baridi kama alivyodhani. Yaani, mwalimu asiyejifurahia asidhani kwamba wanafunzi nao hawamfurahii. Kisha akachambua vyanzo vya uchovu huo, na vingi viko kwa mwalimu: kurudia mambo ya msingi, kuondolewa kwenye kazi aliyoipenda, huzuni aliyokuja nayo. Na msikilizaji akipiga miayo, Augustino hakimbilii kumkemea. Anafikiri huenda amechoka kusimama, basi apewe kiti.

Hatusemi kwamba hakuna mwanafunzi mvivu, wala kwamba mwalimu ajifanye ana furaha. Wavivu wapo, na kuwarekebisha ni upendo. Tunachosema ni kwamba kabla ya kuhukumu tuulize. Siku hizi tunajaribu mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuingia darasani tunajiuliza tumebeba nini leo, na tunakitaja mbele ya Mungu. Pili, tukiwa na hasira hatumpi mtoto jina. Tunangoja siku nyingine. Tatu, tunamwuliza mtoto mwenyewe, au mtu anayeijua nyumba yao.

Zamani misafara kutoka pwani ilifika Tura baada ya kuvuka pori la Mgunda Mkali. Wasafiri walifika na njaa, kiu na homa. Richard Burton alipita huku mwaka 1857 akiwa ameugua mara nyingi njiani, na kitabu alichotoa mwaka 1860 kimejaa maneno makali juu ya Waafrika aliosafiri nao na aliokutana nao. Hatuwezi kusema homa ndiyo iliyoyaandika. Lakini wapagazi walipofika kambini walitua mizigo yao. Sisi siku ile tuliingia darasani na mizigo yetu kichwani.

Kesho yake tulianza kipindi kwa kuwapa watoto uji wa katekista. Binti yule alijibu maswali mawili, kwa sauti ndogo, akitazama chini.